KASKADERE: MUTU ANAYEANGUKA PA NAFASI YA MWINGINE



Mu sanduku ya maulizo ya gazeti letu tulikuta karatasi moja iliyoandikwa hivi: «Mutu wa mu filimu anayeruka toka juu ya nyumba, anaangukaka kweli ao ni uongo? Na kama ni kazi, mukristo anaweza kuifanya?» Jina la mwenye kuuliza halikuwapo.

Wamoja walicheka. Sisi tuliona kwamba swali lile ni zuri, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndani yake kuko fizika, kuko historia, na kuko neno la Mungu. Ya pili, kila mutu wa Lubumbashi amekwisha kuona watoto wanaoning'inia nyuma ya kamyo inayokimbia, ao wanaoruka chini mbele taksi-bisi isimame, halafu wanajisifu: «Miye niko cascadeur!» Siku hizi mwenzake anashika telefoni na kutosha picha. Neno limeingia mu midomo ya vijana, lakini kazi yenyewe haijulikani. Kwa hiyo leo tutaisoma kama somo, kipande kwa kipande.

1. MAANA YA NENO

Cascadeur ni neno la Kifaransa. Hapa tutaandika kaskadere. Ni mutu anayelipwa ili afanye mu filimu ao mu televizio jambo la hatari: kuanguka toka juu, kupigwa, kuwaka moto, kupindua motokari, kutupwa na farasi. Mara nyingi anavaa nguo sawasawa na zile za muchezaji mukubwa, na nywele zake zinatengenezwa zifanane. Kamera inamutazama kwa mugongo ao kwa mbali. Anaruka, anaanguka. Hapo wanakata picha. Halafu muchezaji mukubwa analala pale pale chini, anasimama, anapangusa mavumbi, na sisi tunaotazama tunamupigia huyu wa pili mikono.

Tena kuko mutu wa tatu asiyeonekana kabisa: mupangaji. Ni yeye anayepima urefu, anayehesabu mwendo, anayechunguza kamba, na anayesema «twende» ao «hapana, leo hatufanyi». Mara nyingi ni kaskadere wa zamani. Mushike mutu huyu mu kichwa, tutarudi kwake.

Basi jibu la nusu ya kwanza ya swali ni hili: ndiyo, mutu anaanguka kweli. Uongo ni sura ya anayesimama kiisha.

2. KAZI HII ILIANZA NAMNA GANI

Mu siku za kwanza za sinema wachezaji walifanya mambo yao wenyewe. Mu filimu ya mwaka 1928 Muamerika Buster Keaton alisimama mbele ya nyumba, na ukuta muzima wa mbele ukamwangukia. Yeye akabaki musima, kwa sababu dirisha lililokuwa wazi lilipita juu ya kichwa chake. Watu walishangaa. Lakini ile haikuwa bahati. Mahali pa miguu yake palikuwa pamepimwa mbele, na nafasi iliyobaki kando ya mwili wake ilikuwa ndogo sana. Kama angesogea hatua moja, angekufa.

Halafu wakaja watu wa farasi. Mwenye kujulikana zaidi ni Yakima Canutt, Muamerika aliyezaliwa 1895 na kufa 1986. Alianza mu michezo ya kupanda farasi wakali. Mu filimu «Stagecoach» ya mwaka 1939 aliruka juu ya farasi waliokuwa wanavuta gari kwa mbio, akaanguka katikati yao, akakokotwa chini, kiisha akaachilia, na farasi pamoja na gari vikapita juu yake. Alijua kabisa pa kulaza mikono na miguu yake.

Canutt huyu ndiye aliyetengeneza mashindano ya magari ya farasi mu «Ben-Hur» ya mwaka 1959, filimu ambayo wengi wetu tuliiona mu sala ya parokia wakati wa Pasaka. Magari 18 yalijengwa, na wenye kuyaendesha walizoezwa kwa muda murefu. Pale gari la Ben-Hur linaruka juu ya gari lililovunjika, na mwenye kuendesha anatupwa mbele na kurudi ndani kwa nguvu ya mikono, yule si Charlton Heston. Ni Joe Canutt, mutoto wa Yakima. Kutupwa namna ile hakukupangwa. Alitoka na kidonda ku kidevu tu, na picha ikabaki mu filimu. Mu mwaka 1967 Yakima alipewa Oscar ya heshima. Kwa miaka mingi sana wapiga picha, washonaji na wachoraji walikuwa na zawadi yao kila mwaka, lakini makaskadere hapana. Ni Aprili 2025 tu wenye kutoa Oscar walitangaza kwamba zawadi ya kazi hiyo itaanza na filimu za mwaka 2027.

Ku inchi yetu filimu za kauboi ziliingia wakati wa ukoloni. Mwisho wa miaka ya 1950, mu Léopoldville, muji unaoitwa leo Kinshasa, vijana wa sité walijiita ba Bills, kwa jina la Buffalo Bill: walivaa kama kauboi, walitembea kama kauboi, na walipigana kweli. Hawakuona mupangaji. Waliona ngumi peke yake. Wakati huohuo, mu Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filimu za kuchekesha na Wakongomani wawili, Matamata munene na Pilipili mwembamba. Na hapa Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilijulikana sana mu televizio kwa michezo yake ya Kiswahili chetu mu miaka ya 1970 na 1980. Si makaskadere hawa. Lakini kila mutu anayechekesha kwa mwili wake anajua kwamba hata kuteleza vizuri kunaombwa mazoezi.

3. FILIMU ZA HATARI MU AFRIKA YETU

Mu mwaka 1951 wazungu walikuja kutengeneza «The African Queen» ku muto Ruiki, upande wa Ubundu, halafu mu Uganda. Mu filimu tunaona Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiingia mu maji pamoja na mashua yao. Lakini picha zile za ndani ya maji zilipigwa Uingereza, mu tangi ya studio! Waliogopa magonjwa ya mito yetu. Kumbe wachezaji wakubwa hawakuingizwa mu maji ambamo watoto wa kijiji wanaoga kila siku. Tulifikiri sana juu ya jambo hilo.

Kiisha ikaja filimu yenye jina la lugha yetu: «Hatari!», iliyotoka 1962 na kupigwa Tanganyika, upande wa Arusha. Inaonyesha watu wanaokamata kifaru na twiga kwa kamba kutoka ndani ya motokari ili wauzwe ku mabustani ya wanyama. Mule wanyama walikuwa wa kweli, kifaru alipiga motokari kweli, na John Wayne na wenzake walikuwa wenyewe ndani ya mbio zile. Lakini kando yao kulikuwa mwenye kufundisha, Willy de Beer, mutu ambaye kazi yake ya kila siku mu Tanganyika ilikuwa kukamata wanyama. Ona tena: nyuma ya hatari kuko mwenye kujua.

Sasa tuje karibu na siku zetu, na karibu na mufuko wetu. Mu Kampala kuko mutaa wa maskini, Wakaliga. Isaac Nabwana, mufyatuaji wa matofali, alianza pale kampuni yake ya filimu mu mwaka 2005. Mu mwaka 2010 alitengeneza «Who Killed Captain Alex?», filimu ya vita na kung-fu, kwa feza ambayo inasemwa haikufika dola 200. Kipande chake kilipowekwa ku intaneti, watu wa dunia nzima wakakitazama, na kampuni ikajulikana kwa jina la Wakaliwood. Mu mwaka 2019 filimu yake nyingine, «Crazy World», ilionyeshwa mu sikukuu kubwa ya filimu ya Toronto.

Namna gani walifanya? Bunduki zilikuwa za mbao na vyuma vya kuokota. Dauda Bisaso, fundi wao, alijenga hata helikopta ya vyuma vikuukuu. Haipandi juu, lakini mu kamera inapanda, kwa sababu nyuma walitundika kitambaa cha kijani na kompyuta ikaweka muji pale. Mwenye kufundisha kupigana anaitwa Bruce U, kwa kumufuata Bruce Lee. Aliunda kundi la kung-fu, na anazoeza hata watoto wa mutaa. Wachezaji hawana mushahara: walikuwa wanauza filimu mulango kwa mulango na kugawana kile kinachopatikana. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe ili vidonda vionekane vya kweli. Mutu mumoja akagonjwa. Wakaiacha, wakatumia rangi ya chakula.

Tunapenda hadisi ya Wakaliga kwa sababu inatupa mambo mawili pamoja. Inaonyesha kwamba umaskini haukatazi akili. Tena inaonyesha kwamba pasipo kipimo mutu anajifunza ku mwili wa mwenzake.

4. HESABU YA KUANGUKA

Wanafunzi wa fizika, leteni kalamu. Tunachukua mvuto wa dunia kuwa 10. Mutu anaanguka toka urefu wa metre 5, kadiri ya nyumba ya orofa moja. Mraba wa mwendo ni mara mbili ya mvuto mara urefu: 2 × 10 × 5 = 100. Basi mwendo ni metre 10 kwa sekunde, ni kusema kilometre 36 kwa saa. Kama ni metre 20, mwendo ni metre 20 kwa sekunde, kilometre 72 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na motokari ku barabara ya Likasi.

Lakini mwendo hauui. Kinachoua ni kusimama kwa gafula. Gawanya mraba wa mwendo kwa mara mbili ya nafasi ya kusimamia. Yule wa metre 5 akianguka ku simenti, mwili wake unasimama mu sentimetre 5 hivi: 100 kugawanya kwa 0,1 ni 1.000, mara 100 ya mvuto wa dunia. Mifupa haiwezi. Akianguka ku kartoni zinazobonyea polepole kwa metre moja: 100 kugawanya kwa 2 ni 50, mara 5 tu ya mvuto. Anasimama, anacheka, anaomba maji.

Mutu ni yule yule, na urefu ni ule ule. Tofauti ni metre moja ya makartoni matupu. Ndiyo siri yote ya kaskadere.

5. KILE AMBACHO KAMERA HAIONYESHI

Kwa hiyo chini ya mwenye kuruka kuko kartoni zilizopangwa juu ya kartoni, na matela juu yake. Siku hizi mara nyingi ni mufuko mukubwa wa hewa. Anaangukia mugongo, hapana miguu, ili uzito ugawanyike mu mwili wote. Kamera inakata mbele tuone kartoni.

Ngumi haifiki. Inapita mbele ya uso, kamera iko upande ambao nafasi ile haionekani, mwenye «kupigwa» anatupa kichwa wakati wake, na sauti inaongezwa nyuma. Vioo vinavyovunjika havikuwa vioo: zamani vilipikwa na sukari. Motokari inayopinduka imefungwa vyuma vinene ndani kama kizimba. Mutu anayewaka moto amevaa nguo nyingi moja juu ya nyingine, zimelowa dawa baridi ya kuzuia moto. Hapumui, kwa sababu akivuta hewa anavuta moto. Na watu wenye kuzima wanasimama karibu wakihesabu sekunde.

Hata mazoezi ni ya miaka. Mu Uingereza, yule anayetaka kuandikwa ku orodha ya makaskadere lazima ashuhudie ufundi wake mu michezo 6: kupigana, kuanguka, kupanda farasi ao kuendesha, kuogelea, na mingine ya namna hiyo. Mu Ufaransa kuko shule ya kazi hii ku muji wa Le Cateau-Cambrésis. Yule kijana wa nyuma ya kamyo hana kipimo, hana kartoni, hana mwenye kusema «hapana». Ana mashahidi tu.

6. WALE WALIOUMIA

Ingekuwa uongo kusema kwamba kipimo kinaondoa hatari yote. Tusome majina.

Jackie Chan, ambaye watu wote wa hapa wanamujua, alikuwa Yugoslavia akitengeneza «Armour of God», filimu ya mwaka 1986. Aliruka toka ukuta kushika tawi la muti. Mara ya kwanza alifaulu, lakini hakutoshwa, akarudia. Tawi likavunjika. Alianguka metre 5 hivi, ile ile ya hesabu yetu, kichwa kikagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, na hata leo sikio moja halisikii vizuri.

Dar Robinson, Muamerika, aliruka toka munara wa Toronto wenye urefu wa metre 553, na mwavuli wa hewa ukiwa umefichwa chini ya nguo. Watu walisema huyu hafi. Tarehe 21 Novemba 1986, akiwa na miaka 39, alitoka mu njia akiwa ku pikipiki wakati wa kupiga picha isiyokuwa ngumu, akaanguka mu bonde na kufa. Hatari kubwa aliishinda, kwa sababu aliiogopa na kuipima. Alikufa ku ile ndogo.

Tarehe 23 Julai 1982, mu California, helikopta ilianguka usiku juu ya muchezaji Vic Morrow na watoto wawili, mumoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 7. Watatu wote wakafa. Watoto wale waliajiriwa kinyume cha sheria, usiku, pasipo ruhusa. Wakubwa wa filimu walipelekwa mbele ya tribunali na mu mwaka 1987 waliachiliwa. Lakini kutoka siku ile sheria za usalama zilikazwa.

Mu Januari 2009 David Holmes, kijana Mwingereza aliyekuwa anaanguka pa nafasi ya Harry Potter, alivutwa na kamba ku ukuta wakati wa mazoezi. Shingo likavunjika, na hatembei tena. Mu filimu iliyosimulia maisha yake mu mwaka 2023 anaongea pasipo uchungu, na yule muchezaji ambaye alimusimamia, Daniel Radcliffe, amebaki rafiki yake.

Mu Ufaransa Rémy Julienne, fundi mukubwa wa motokari aliyefanya kazi mu filimu sita za James Bond, alikuwa mupangaji siku ile ya Agosti 1999 ambapo motokari ya «Taxi 2» iliruka mbali kupita hesabu na kuua mupiga picha. Tribunali ilimuhukumu. Munakumbuka mutu wa tatu tuliyesema mumushike mu kichwa? Ndiye huyu. Mwenye kupanga anabeba damu ya mwenzake.

7. NENO LA MUNGU

Sasa nusu ya pili ya swali. Tuliuliza walimu wetu, na hawakupatana. Mwalimu mumoja alisema: mwili ni hekalu la Roho, 1 Wakorinto 6:19, na mutu asiuchezee kwa feza, tena filimu zile zinafundisha watoto kupigana. Mwingine alijibu: basi na muashi asipande juu, na mufanyakazi wa mine asishuke chini. Tuliwasikiliza wote wawili, na tukarudi mu Biblia.

Fungueni Mathayo 4, mashairi 5 mpaka 7. Shetani anamupandisha Yesu juu kabisa ya hekalu, anamwambia ajitupe, kwa maana malaika watamushika. Tazameni vizuri: ile ni cascade! Kama watu walikuwa chini, wangepiga mikono, na muji muzima ungemufuata. Yesu anakataa, na anaita jambo lile kumujaribu Mungu. Hakusema kwamba kupanda juu ni zambi. Zambi ni kumuomba Mungu awe matela ambayo weye mwenyewe hukutandika.

Tena someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anaamuru kwamba mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo pembeni ya dari, ili mutu asianguke na damu isiwe juu ya nyumba ile. Ni sheria ya usalama, ndani ya Torati! Mungu hajali nyimbo zetu peke yake, anajali hata ukingo wa dari. Na mu Luka 14:28 Yesu anamusifu yule anayeketi kwanza na kuhesabu mbele ya kujenga. Kaskadere muzuri anaketi na kuhesabu. Yule wa nyuma ya kamyo hakuketi.

Sisi tunafikiri hivi: mukristo anaweza kufanya kazi hii, kama ana vitu vitatu. Kipimo, ni kusema ufundi na vyombo. Sababu, ni kusema anafanya kwa kula mukate wake, hapana kwa kutafuta sifa. Na ruhusa ya kusema hapana. Kitu hiki cha tatu ni kikubwa kupita vingine. Mutu ambaye hawezi kukataa si kaskadere. Ni mutu anayetumiwa.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo liko mu nyumba za wengi wetu. Kuko ndugu zetu, ba creuseurs, wanaoshuka kila siku mu mashimo pasipo mbao za kushikilia udongo. Mu Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia na zaidi ya watu 40 wakafa. Hawakuwa watu wa kujionyesha. Walitafuta unga wa bukari na feza ya masomo, labda hata ya masomo ya wamoja wanaosoma karatasi hii. Kaskadere wa Hollywood anaanguka mara moja, kiisha kupima siku nzima, munganga akisimama karibu. Creuseur anaingia kila asubuhi, na hakuna mwenye kupima. Kama muna machozi ya kulia juu ya hatari, muyaweke kwanza pale. Na mukiwa siku moja wakubwa wa kampuni, ao wenye kuandika sheria, mukumbuke ukingo wa dari.

8. KAMA UNAITAKA KAZI HII

Tusidanganyane: mu Lubumbashi hakuna shule ya makaskadere, na mutu hawezi kula kwa kazi hii peke yake. Lakini njia ya karibu iko. Anza na mwili: jimnastiki, judo, kuogelea, pamoja na mwenye kufundisha wa kweli. Shika fizika na hesabu, kwa sababu mupangaji mujinga ni muuaji. Jifunze picha: muji wetu una kituo cha Picha, ambacho kilianza mikutano yake mikubwa ya wasanii mu mwaka 2008, na Kinshasa kuko Institut national des arts kwa wenye kupenda teatre. Jifunze tena huduma ya kwanza, ile wanayofundisha watu wa Croix-Rouge. Maliza kwanza Exetat yako. Wakaliga inatuonyesha kwamba kundi dogo lenye akili linaweza kutengeneza filimu yake lenyewe; na rangi ya chakula haigonjwishi mutu.

Na kama hutaki kazi hii, bado kuko faida moja. Siku utakapoona filimu, usiulize tu: «Yule shujaa ni nani?» Uliza tena: «Nani alianguka pa nafasi yake?» Mu kila nyumba kuko mutu wa namna ile, ambaye jina lake halisomwi. Sisi wakristo tunapaswa kufahamu vizuri jambo hilo, kwa sababu tunaishi kwa sababu ya Mumoja aliyepokea pigo lililokuwa la wengine.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA MU KALASI

1. Mutu anaanguka toka metre 7,2. Hesabu mwendo wake mbele ya kugusa chini. Kartoni zikibonyea metre 1,2, anasimamishwa kwa mara ngapi ya mvuto wa dunia?

2. Jackie Chan alifaulu mara ya kwanza, akarudia. Ni wakati gani kurudia ni bidii, na wakati gani ni kiburi?

3. Someni Mathayo 4:5-7 pamoja na Kumbukumbu la Torati 22:8. Mashairi haya mawili yanapatana namna gani?

4. Andikeni kazi tatu za Haut-Katanga ambamo mutu anaingia mu hatari kwa faida ya mwingine. Kwa kila moja, museme nani anapaswa kuwa mupangaji, na kama mufanyakazi anaweza kusema hapana.

5. Mwenzako anataka umupige picha akiruka toka kamyo. Utamwambia nini?

Majibu muyalete mu sanduku ya gazeti. Mazuri tutayachapa mu namba itakayokuja. Na weye uliyeuliza swali pasipo jina, asante sana, uliza tena.